Barua ya Kukataa Mchumba

Mwanamke ninayetaka kumsimulia hapa humsumbua kila anayetafuta habari zake, kwa kuwa ana majina matatu na kila jina limekaa katika vitabu vyake. Wachina wenzake humwandika Zheng Yuxiu. Wafaransa, ambao ndio waliompa elimu ya sheria, walimjua kwa jina la Soumay Tcheng. Wamarekani walimwita Madame Wei Tao-ming, yaani mke wa Bwana Wei, na jina hilo ndilo lililochapwa juu ya kitabu cha kumbukumbu zake kilichotoka mwaka 1943. Mtu anayemfuata kwa jina moja tu humpoteza njiani. Mimi nitamwita Soumay, kwa sababu ni fupi, na kwa sababu ndilo jina alilolitumia siku zile alipokuwa hajawa mke wa mtu.

Nilikutana naye kwa njia ya kazi. Kwa miaka mingi nilifundisha historia katika chuo cha ualimu kabla ya kukabidhiwa ukuu wa shule, na kila mwaka nilifika kwenye mkutano wa amani wa Paris wa 1919 na ule Mkataba wa Versailles. Mwanafunzi wetu huufahamu mkataba huo kwa jambo moja kubwa: ndio uliowanyang'anya Wajerumani makoloni yao, Tanganyika ikawekwa chini ya udhamini wa Waingereza, na Ruanda na Urundi zikaangukia kwa Wabelgiji. Hakuna mtu wa Tanganyika aliyeulizwa. Vita ilipiganwa juu ya mashamba yetu, wapagazi wakafa kwa maelfu na maelfu, kisha wazee wa Ulaya wakakaa mezani wakagawana. Hayo niliyafundisha kwa uchungu unaostahili. Lakini katika kitabu tulichokitumia palikuwa na mstari mmoja mfupi kwamba Uchina, ingawa ilikuwa upande wa washindi, haikutia saini. Mwaka mmoja mwanachuo wa kike aliyekuwa akikaa dawati la nyuma akanyoosha mkono, akauliza: "Mwalimu, hivi mtu anaweza kualikwa karamuni, akafika, halafu akakataa kula?" Darasa likacheka. Swali lilikuwa zuri kuliko kicheko, na katika kulitafutia jibu ndipo nikamkuta Soumay.

Alizaliwa mwaka 1891 katika jimbo la Guangdong, kusini mwa Uchina, karibu na mahali ambapo siku hizi umesimama mji mkubwa wa Shenzhen. Ukoo wao ulikuwa wa watu wenye nacho. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya kifalme huko Peking, katika idara ya fedha. Lakini kama ilivyo katika koo nyingi, si kwao tu, mwenye neno la mwisho juu ya watoto wa kike alikuwa bibi. Na bibi aliamua kwamba wakati wa kumfunga mjukuu wake miguu umefika.

Hapana budi nieleze, maana vijana wa leo hudhani ni hadithi. Mtoto wa kike wa miaka mitano, sita au saba alichukuliwa, vidole vya miguu vikakunjwa chini ya unyayo, isipokuwa kidole gumba, kisha mguu ukazungushiwa kitambaa kirefu na kukazwa. Siku baada ya siku kitambaa kilikazwa zaidi, hadi mifupa ikavunjika na unyayo ukapinda. Mwanamke mwenye mguu mdogo kama kiganja alihesabiwa kuwa mzuri na mwenye malezi. Mwenye mguu wa kawaida alihesabiwa mtumwa au mke wa mkulima. Waliofanya kazi hiyo hawakuwa wakatili. Walikuwa mama na bibi waliofanyiwa hivyo hivyo, nao waliamini wanampa mtoto njia ya kupata ndoa. Katika vyuo vyetu vya ualimu ipo methali ambayo kila mwalimu mpya huianza nayo insha yake ya malezi: samaki mkunje angali mbichi. Nimeisahihisha methali hiyo katika mamia ya madaftari. Tangu niliposoma habari za miguu ya wasichana wa Uchina siwezi tena kuipitisha bila kuuliza samaki mwenyewe anasemaje.

Soumay alisema. Alilia, akapiga kelele, akavifungua vile vitambaa, akafungwa tena, akavifungua tena, hata nyumba nzima ikachoka na bibi akashindwa. Miguu yake ikabaki kama alivyoumbwa nayo. Amri ya kifalme ya kuwaasa watu waache desturi hiyo ilitoka mwaka 1902, na jamhuri ikaipiga marufuku mwaka 1912. Yeye alikwisha kujitungia sheria yake mapema.

Jambo la pili lilikuwa kubwa zaidi. Bibi alikuwa amemtafutia mchumba tangu angali mdogo, kijana wa nyumba ya afisa mkubwa wa serikali katika jimbo lao. Kwa desturi ya Kichina ya wakati ule uchumba haukuwa jambo la vijana wawili. Ulikuwa mapatano ya koo, ukiandikwa na kubadilishana zawadi, na kuuvunja ilikuwa aibu karibu sawa na kuvunja ndoa. Soumay alipokuwa na umri wa miaka kumi na mitatu hivi, akachukua kalamu na kumwandikia yule kijana mwenyewe, ambaye hakuwa akimfahamu, kumwarifu kwamba hataolewa naye. Hakupitia kwa baba, wala kwa mshenga, wala kwa mjomba. Alimwandikia mhusika.

Nimekaa shuleni zaidi ya miaka thelathini, na nimeona wasichana wakiondolewa darasani kwa ajili ya kuozwa. Wengine walikimbia usiku. Wengine walikuja ofisini kwangu wakalia, nami nikafunga safari hadi kwa wazazi wao. Wachache walikunywa vitu vya hatari, Mungu awarehemu. Sikumbuki hata mmoja aliyekaa kitako akaandika barua kwa mwanamume aliyepangiwa na kumweleza kwa heshima kuwa hapana. Kwa hiyo kila ninapoyafikiria maisha yake yote, pamoja na mabomu na mahakama na ubalozi, mimi hurudi kwenye barua ile. Mtoto aliyekuwa na umri wa darasa la saba aliona kwamba jambo linalohusu watu wawili linaweza kuzungumzwa na watu wawili. Baadaye utaona, msomaji, barua hiyo ilivyokuja kuwa kifungu cha sheria.

Ukoo ulifedheheka. Soumay akaenda kusoma katika shule ya wamisionari huko Tianjin, kisha akapelekwa Japani, ambako wanafunzi wengi wa Kichina walikuwa wakikusanyika chini ya Sun Yat-sen na chama chake cha siri cha kuipindua nasaba ya Wamanchu. Akajiunga nacho. Mapinduzi yalipozuka mwaka 1911 alikuwa amerudi nyumbani, na kazi aliyopewa ilikuwa kusafirisha mabomu kwa garimoshi kutoka Tianjin hadi Peking, ndani ya masanduku ya nguo. Yeye mwenyewe ameeleza jinsi alivyopita. Askari hawakuwa wakiwapekua wageni wa balozi za Ulaya, basi alijifanya rafiki wa bwana mmoja wa ubalozi, na bwana huyo, kwa uungwana wa Kizungu, akambebea sanduku bila kujua alichokibeba.

Mwezi Januari 1912 kikundi chao kilijaribu kumwua Yuan Shikai, jemadari na waziri mkuu wa serikali ya kifalme, kikamkosa. Siku kumi baadaye kijana mmoja, Peng Jiazhen, alimtupia bomu Liangbi, kiongozi wa Wamanchu waliokataa suluhu. Peng alikufa pale pale, Liangbi akafa baada yake kwa majeraha, na mnamo tarehe 12 Februari mfalme mtoto akajiuzulu. Wapo wanaosimulia habari hizi kwa furaha kama hadithi za sungura na fisi. Mimi siwezi. Sanduku la nguo lililojaa baruti ndani ya behewa lenye akina mama na watoto halinichekeshi, hata likiwa limebebwa na msichana shujaa kwa ajili ya jamhuri. Nalitaja kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na kwa sababu ni jambo la ajabu kwamba mtu aliyeanza na bomu alimalizia na vifungu vya sheria. Wengi huanza na sheria wakamalizia na bomu.

Yuan Shikai akawa rais wa jamhuri, akaanza kuwasaka wanamapinduzi wale wale walioileta. Soumay akaenda Ufaransa, akaingia chuo kikuu cha Paris kusoma sheria. Alikuwa huko wakati wa vita. Uchina ilipeleka Ulaya vibarua wapatao 140,000 kuchimba mahandaki, kupakua meli na kutengeneza barabara kwa ajili ya Waingereza na Wafaransa. Kwa hiyo Wachina walikwenda kwenye mkutano wa Paris wakidhani wana haki ya kurudishiwa jimbo la Shandong, au tuseme zile haki za bandari, reli na migodi ambazo Wajerumani walikuwa wamezitwaa humo. Soumay alihusishwa na ujumbe huo, akishughulika na waandishi wa habari. Kumbe mikataba ya siri ilikwisha kufungwa. Vifungu vya 156, 157 na 158 vya mkataba vikawapa Wajapani haki za Wajerumani. Habari ilipofika Peking wanafunzi walifurika barabarani, tarehe 4 Mei 1919, na siku hiyo Wachina wanaikumbuka hadi leo.

Mkuu wa ujumbe wa Uchina alikuwa waziri wa mambo ya nje, Lu Zhengxiang, mtu mpole, mkatoliki, aliyekuwa mgonjwa na amechoka. Miaka michache baadaye alijitenga na dunia akawa mtawa huko Ubelgiji. Serikali yake ilikuwa ikiyumba, mara atie saini, mara asitie. Jioni ya tarehe 27 Juni wanafunzi na vibarua wa Kichina walikizunguka kituo alichokuwa akipumzika, Saint-Cloud, nje ya Paris. Soumay alikuwa miongoni mwao. Katika bustani yenye giza alikata tawi la mwaridi, akalificha ndani ya mkono wa koti, akalielekeza kama mdomo wa bastola, akasema kwamba atakayekwenda kutia saini atapigwa risasi. Wasimuliaji hawaafikiani kama aliyetishwa ni waziri mwenyewe au katibu aliyekuwa akitoka na mkoba wa karatasi. Lakini kesho yake, tarehe 28 Juni, katika ukumbi wa vioo wa Versailles, viti viwili vya Uchina vilikuwa vitupu.

Mimi si mwepesi wa kuamini kwamba tawi la ua lilibadili historia. Wajumbe wengine wa Uchina walikwisha kuukataa mkataba kwa hoja nzito, na nchi nzima ilikuwa imesimama. Hata hivyo yule mwanachuo wangu wa dawati la nyuma alifurahi sana nilipomletea jibu. Naam, inawezekana kualikwa na kukataa kula. Tena mwaka 1922, baada ya mazungumzo ya Washington, Shandong ikarudishwa kwa wenyewe. Sisi wa Tanganyika tulisubiri hadi 1961, lakini sisi hatukuwa na kiti hata cha kukiacha kitupu.

Mwaka 1925 Soumay alipata shahada ya udaktari wa sheria hapo Paris, kwa utafiti juu ya harakati za kuleta katiba nchini Uchina. Akarudi kwao, akakuta mlango umefungwa. Kanuni za mawakili za mwaka 1912 zilisema wazi kwamba wakili awe mwanamume. Lakini Shanghai ulikuwa mji wa vipande vipande, na kipande kimoja kilitawaliwa na Wafaransa. Huko waliitambua shahada yao wenyewe. Basi mwanamke huyu, aliyewahi kutishia watu ili Wajapani wasipewe kipande cha nchi yake, alianza uwakili mwaka 1926 katika kipande cha nchi yake kilichoshikwa na Wafaransa. Historia ina mizaha ya namna hiyo, na mtu mwenye akili huingia kwa mlango uliopo. Alishirikiana ofisi na Wei Tao-ming, Mchina mwenzake aliyesoma sheria Paris, ambaye alikuja kuwa mumewe. Mwaka 1927 kanuni mpya za mawakili zikaondoa neno lile la mwanamume. Mwaka huo huo Soumay akapewa uongozi katika mahakama ya Shanghai, jambo ambalo hakuna mwanamke wa Kichina aliyewahi kulipata kabla yake.

Sasa nafika kwenye sehemu ambayo hasa ndiyo iliyonifanya niandike. Chama cha Kuomintang kilipoweka serikali yake Nanjing kilianzisha baraza la kutunga sheria, na mwezi Januari 1929 baraza likateua kamati ya watu watano kuandika sheria mpya ya madai ya nchi nzima. Wanne walikuwa wanaume. Wa tano alikuwa Soumay. Walifanya kazi kwa kasi ya kutisha. Kitabu cha kwanza kilitangazwa mwezi Mei 1929, na vitabu vya mwisho viwili, cha jamaa na cha mirathi, vilitangazwa tarehe 26 Desemba 1930, vikaanza kutumika tarehe 5 Mei 1931.

Kifungu cha 972 ni kifupi. Kinasema kwamba uchumba utafungwa na mwanamume na mwanamke wenyewe, kwa hiari yao. Basi. Mtu asiyejua habari za barua ile ya Guangdong atakisoma na kupita. Kinachofuata kinaweka umri wa kuchumbiana, miaka 17 kwa mvulana na 15 kwa msichana. Na umri wa kuoana ukawekwa miaka 18 na 16. Umri huo ni mdogo kwa macho ya leo, sikatai. Lakini linganisha. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo tuliisifu kwa haki, iliweka miaka 18 kwa mwanamume na 15 kwa mwanamke, miaka arobaini baada ya Nanjing. Talaka ya kukubaliana, mbele ya mashahidi wawili na kwa maandishi, ikaruhusiwa. Zamani mume aliweza kumwacha mke kwa sababu saba, moja ikiwa ni kusema sana, na mke hakuwa na hata moja. Sasa sababu za kwenda mahakamani zikaandikwa kumi, kwa wote wawili.

Kifungu cha 1138 nakipenda zaidi. Chini ya sheria za kifalme mali ya baba ilikwenda kwa wana wa kiume. Kama hakuna, ukoo uliteua mtoto wa kiume wa ndugu awe mrithi, na binti alitolewa na mahari akenda zake. Kamati ingeweza kuongeza sentensi: na mabinti nao wapewe. Haikufanya hivyo. Iliandika tu kwamba warithi wa kwanza ni wazao wa marehemu. Mzao ni mzao. Neno la kumtenga binti lilipoondolewa, halikuhitajika neno la kumkaribisha.

Naona tofauti hiyo vizuri kwa sababu ya dada yangu mkubwa. Baba yetu aliugua miaka mitatu, na aliyemwogesha, kumlisha na kumgeuza kitandani ni dada. Alipofariki, ukoo ulikaa chini ya mti kwa siku mbili. Kanuni za mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 zilimweka binti katika daraja la tatu la warithi, nyuma ya wana wa kiume wote, na wazee walizijua kanuni hizo kwa moyo. Dada akapata kitanda, sufuria na cherehani. Mashamba tukagawiwa sisi wanaume. Jioni ile ile nilimfuata jikoni nikamwambia, "Dada, sehemu yangu ichukue wewe, mimi nina mshahara." Hakuacha kuosha vyombo. Akasema, "Usinipe kwa huruma, mdogo wangu. Kama ni changu nipewe, kama si changu kaa nacho." Nilimbembeleza, akakataa kabisa. Baadaye kwa fedha za kushona sare za shule alinunua ekari moja na nusu kando ya mto, akaiandikisha kwa jina lake, na ndiko alikozikwa. Nikisoma kifungu cha 1138 namsikia yeye. Alichotaka ndicho hicho, asitajwe kwa upendeleo, ahesabiwe tu.

Lakini nisimpambe bibi yule kupita kiasi, maana sheria aliyoshiriki kuiandika ilikuwa na matundu, na mengine wanawake wenyewe waliyalipia. Mume alibaki msimamizi wa mali ya nyumba. Makao ya mume ndiyo makao ya mke. Baba na mama wakitofautiana juu ya mtoto, kifungu cha 1089 kilisema la baba ndilo lifuatwe. Juu ya masuria kamati ilinyamaza kimya. Haikuwakataza, haikuwatambua, na mahakama zikaamua kwamba kwa kuwa kumweka suria si kufunga ndoa, mwanamume mwenye mke na masuria hajaoa wawili. Nadhani hapo watungaji waliwaogopa wakubwa wa chama, ambao wengi wao walikuwa nao majumbani. Na huko vijijini, waliko watu wengi wa Uchina, wazee waligawa mali kwa wana wa kiume wakiwa wangali hai, wakifa hawaachi cha kurithiwa, na binti anabaki na kifungu chake mkononi. Tena wakulima wengi hawakupata kusikia kwamba kuna sheria hiyo. Mjini Shanghai, mwanamke mwenye nauli na wakili aliweza kuitumia. Kijijini ilikuwa karatasi.

Maisha yake ya baadaye nitayapitia kwa haraka, kwa kuwa ni maisha ya wakubwa, na maisha ya wakubwa hufanana. Mumewe alikuwa waziri wa sheria, kisha meya wa Nanjing. Yeye aliongoza chuo cha sheria huko Shanghai. Vita na Japani vilipokuja walitoka. Mwaka 1942 Wei akawa balozi huko Washington, na Soumay akawa mke wa balozi, mwenye kuhutubia vikundi vya akina mama wa Kimarekani na kuchangisha misaada. Mwaka 1947 mumewe alipelekwa kuwa gavana wa Taiwan, kisiwa kilichokuwa kimetoka kumwagika damu mapema mwaka huo pale askari wa serikali yao walipowaua wenyeji kwa maelfu. Hawakukaa sana. Wakomunisti walishinda bara, na wao wakaishia ugenini.

Mwezi Februari 1949, hata kabla ya kutangaza jamhuri yao, Wakomunisti walizifuta sheria zote za Kuomintang kwa mpigo mmoja, pamoja na ile ya madai. Mwaka uliofuata, tarehe 1 Mei 1950, walitoa sheria yao ya ndoa. Hiyo iliwapiga marufuku masuria waziwazi na uchumba wa watoto pia, ikaweka miaka 20 kwa mwanamume na 18 kwa mwanamke, na wajumbe wakatumwa hadi vijijini kuieleza. Lazima niseme kweli, katika mambo hayo ilikwenda mbali kuliko ya Soumay.

Sisi vijana wa miaka ya sitini tuliisikia sifa ya sheria hiyo. Radio Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961, na jioni tulijibanza kwenye redio ya mwenye duka tukisikia habari za wanawake wa Uchina waliokuwa wakiendesha matrekta. Baadaye wakaja mafundi wa reli ya TAZARA, nasi tukagawiwa vijitabu vyenye maneno ya Mwenyekiti Mao. Katika habari zote hizo Soumay hakuwamo. Mshindi ndiye huandika kitabu cha shule, na yeye alikuwa upande ulioshindwa. Hata sanduku la mabomu la mwaka 1911 halikumfaa. Kilichonihuzunisha zaidi nilipokuja kumjua ni kwamba hata walioshindwa hawakumkumbuka sana. Kwao alibaki mke wa balozi.

Alifariki huko Los Angeles mwaka 1959, akiwa na umri wa miaka 68, kwa ugonjwa wa saratani. Mumewe alirudi Taiwan na kuwa waziri wa mambo ya nje miaka ya sitini.

Sheria ile, hata hivyo, haikufa naye. Iliyofutwa bara iliendelea kutumika Taiwan, na inatumika mpaka leo, ikirekebishwa kifungu kwa kifungu. Mwaka 1994 majaji wakuu wa Taiwan waliamua kwamba kifungu cha 1089, kile cha kumpa baba neno la mwisho, kinapingana na usawa ulioandikwa katika katiba, na bunge likakibadilisha. Umri wa kuoana umekuwa miaka 18 kwa wote tangu 2023. Kifungu cha 972, cha uchumba wa hiari, kiko pale pale. Na kulikuwa na kifungu cha 1000, kilichosema kwamba mke atatanguliza jina la ukoo wa mume mbele ya jina lake, isipokuwa wakipatana vingine. Hicho kilibadilishwa mwaka 1998, na tangu hapo mume na mke kila mmoja hubaki na jina lake.